Uyoga wa Kuwapa Wakwe

Jumapili, 16 Machi

Nimetoka ibadani, nimevua viatu, moja kwa moja jikoni. Majani ya maboga. Nimemenya mpaka kidole gumba kimegeuka kijani. Kuna watu hapa Ilomba, Mbeya, wanayakatakata hivyo hivyo na nyuzi zake, halafu wanashangaa watoto wanatema. Uvivu tu. Mimi kila jani natoa uzi kuanzia kwenye kikonyo, navunja kwa mkono, kisu hapana. Kitunguu, nyanya, majani. Maji siweki, yana maji yake ya kutosha. Karanga mwishoni, za kutwanga mwenyewe, na moto mdogo. Baba Atupele alikula ugali mpaka akalegeza mkanda.

Wanaume wamekubaliana leo kwa simu. Wakwe kutoka Iringa walikuwa waje Jumamosi kuleta barua na kuzungumzia mahari ya Atupele. Sasa wanakuja Ijumaa hii. Festo, kijana mwenyewe, kazini kwake Makongolosi wamempa ruhusa siku hiyo tu. Sawa. Ijumaa ni Ijumaa. Binti yangu amevuka thelathini na maneno ya watu nimeyasikia ya kutosha. Mtoto wangu anaolewa. Nimefurahi mpaka nasikia aibu.

Mbuzi ameshanunuliwa. Yuko nyuma ya nyumba, analia tu.

Jumatatu, 17 Machi

Wifi Sekela amefika kutoka Tukuyu. Dada mkubwa wa mume wangu. Ndiye shangazi wa Atupele, kwa hiyo ndiye atakayekaa mkekani Ijumaa, ndiye atakayemuuliza binti mbele ya wageni kama anawafahamu, ndiye atakayerudisha jibu. Mimi mama nitakuwa jikoni. Kwetu mama mkwe haonani ovyo na mkwe wake wa kiume. Siku hizi watu wanapiga nao picha wamekumbatiana, lakini ukoo wa mume wangu bado unashika heshima, na mimi naishika. Bila Wifi kukaa pale, hakuna kinachosogea. Anajua. Anatembea humu ndani kwa kujua.

Ameshapanga. Mbuzi, wali, kuku wa kienyeji, na firigisi apewe baba Festo kwenye kisahani chake peke yake. Nimekubali. Mgeni wa namna hiyo lazima apewe firigisi, hata mimi nisingepita hapo.

Jioni nimepika mnafu. Wa kwangu hauchungi. Siri ni kumwaga maji ya kwanza na kumalizia kwa mtindi mzito, siyo maziwa mabichi. Wifi akaangalia bakuli akasema, bado tu nyumba ya majani? Tangu nimekuja hapa bibi harusi ananiambia maneno hayo hayo. Akala. Akaongeza. Akasema mchuzi ungekuwepo ungeshuka vizuri. Nyoo!

Jumanne, 18 Machi

Balaa.

Atupele kapiga simu mchana kutoka kazini kwake, Makongolosi huko huko kwa Festo, nikiwa dukani nakunja vitenge. Mama, wale ni Wakatoliki. Hii ni Kwaresima. Ijumaa hawagusi nyama.

Nilikaa kwenye stuli, vitenge mapajani. Sisi Wamoraviani tuna mifungo yetu, lakini Ijumaa nyama tunakula hatujali. Hakuna mtu humu ndani aliyewaza. Wanaume wamebadilisha siku na vicheko vyao kwenye simu, wale wa Iringa wakaona aibu kusema mtulishe nini, sisi tukanunua mbuzi. Watu wazima wote hao.

Nilirudi nyumbani nikasema. Wifi hata hakushtuka. Basi samaki, tuagize Kyela. Nikampigia Atupele nimweleze. Akaguna. Halafu: Mama, baba yake Festo akila samaki anavimba. Midomo, macho, shingo. Mara ya mwisho walimkimbiza hospitali.

Wifi akasema basi yeye apikiwe kuku kidogo, msafiri Mungu anamsamehe. Nikasema hapana. Nikasema kwa sauti ambayo sikuitegemea. Mzee anakuja kuomba mtoto kwangu, nimtie dhambini mezani kwangu? Au wenzake wale samaki, yeye mkubwa wao awekewe kabichi pembeni? Nitapika mboga. Mboga tupu, na zitawatosha.

Nyumba nzima ikaniangalia. Mume wangu akajikuna kichwa akatoka nje kwa mbuzi.

Jumatano, 19 Machi

Wifi ameondoka.

Alifunga begi asubuhi, akaenda kwa mwanawe Uyole. Maneno yake ya mwisho mlangoni: siwezi kukaa mkekani mbele ya watu wamewekewa majani, watasema ukoo wetu umefilisika. Nikamwambia uende salama. Sikumbembeleza. Sasa hivi najuta kidogo, lakini ningembembeleza ningejuta zaidi.

Baba Atupele kanywa chai akatoka kwa mbuzi. Baadaye akaja na la kwake: chinja tu huyo mbuzi, wenyewe wataamua. Nikamwambia ukimchinja, utampika wewe.

Naogopa. Sitamwambia mtu, lakini naogopa. Wakinyanyuka pale na njaa, wakarudi Iringa wakisema tulilishwa majani, Atupele ataingia kwenye ile nyumba akiwa mdogo, na ataishi humo akiwa mdogo. Najua. Mimi niliingia hivyo kwenye ukoo huu. Shauri ya mboga hizo hizo.

Dukani nilimsimulia Mama Jyoti, mwenye duka la mashuka tunapakana ukuta pale Mwanjelwa. Mhindi wa miaka yote hapa Mbeya, Kiswahili chake kinanishinda mimi. Alicheka mpaka akafuta machozi. Yeye nyama hajaonja tangu kuzaliwa, mama yake hajaonja, na harusi zao zinakula siku nzima na watu wanabebana kurudi nyumbani. Akaniingiza nyuma ya duka kwenye jiko lake la mkaa. Bilinganya zima, juu ya moto, geuza geuza mpaka ganda liwe jeusi na ndani kulainike. Unamenya, unaponda. Kitunguu saumu, tangawizi, nyanya, binzari nyembamba ikaangwe kwanza kwenye mafuta ilie. Pilipili. Ndimu. Nilionja, nikachota tena. Mimi nilikuwa sili bilinganya. Nilikuwa naiona mboga ya wagonjwa.

Nimepanga. Majani ya maboga kwa karanga. Mnafu kwa mtindi. Mbalaga, ndizi zetu za Kinyakyusa, nizipike na maharage mpaka zishikane. Bilinganya ya Mama Jyoti. Parachichi za Rungwe. Na uyoga.

Uyoga ndio kichwa cha meza. Na ndio unaoniogopesha kuliko vyote, kwa sababu wakwe ni Wahehe, na Wahehe uyoga wanaujua. Wamekua nao. Kumpikia Mhehe uyoga ni kujitafutia. Basi nimejitafutia.

Alhamisi, 20 Machi

Atupele amekuja na ndoo ya uyoga kutoka Makongolosi. Mvua zimenyesha vizuri Chunya, akina mama wanautoa porini wanauza barabarani. Mzuri jamani! Wa rangi ya chungwa, mdogo mdogo, umejikunja kingo. Na ule mkubwa wa kwenye vichuguu, mweupe, mguu mrefu. Niliuchambua mmoja mmoja kwenye ungo. Usioujua, tupa. Hakuna kubahatisha, hakuna labda. Halafu nikaubeba wote mpaka sokoni Mwanjelwa kwa mama mmoja wa Kisafwa ambaye nimenunua kwake miaka yote, naye akaupitia upya. Akatoa miwili akaikanyaga kwa kandambili. Hakuniambia kwa nini na mimi sikuuliza.

Nilimwachia Atupele kazi ya kuosha nikaenda kutafuta majani. Kurudi nakuta ameuloweka kwenye beseni kama nguo za shule. Ala! Uyoga unakunywa maji, ukishalewa huwezi kuukaanga tena, unachemka tu kama viatu. Unaosha haraka, maji yanapita, mchanga unatoka, kwenye kichujio. Nilimnyang'anya. Nikautandaza kwenye kitambaa ujikaushe. Nikamtoa jikoni. Huyu mtoto anashika vitabu vya hesabu vya kampuni nzima, wanaume wanamwita madam, lakini kule Makongolosi anakula kwa mama ntilie mchana na jioni. Yai anaweza. Basi.

Nilipika sehemu ndogo ya majaribio. Kwanza uyoga peke yake kwenye kikaango kikavu, chumvi kidogo. Unatoa maji yake mwenyewe. Unasubiri. Hapa ndipo wengi wanaharibu, wanawahi nyanya. Subiri yale maji yakauke kabisa, uanze kulia chwii. Ndipo mafuta, kitunguu, kitunguu saumu, nyanya moja isiyo na mbegu. Acha. Karanga kijiko tu, siyo za kufunika ladha, za kushika mchuzi. Pilipili mbuzi nzima juu, isipasuke.

Nikala. Mbele yao. Baba Atupele alikaa ananiangalia kama anasubiri nianguke. Akaniuliza kama macho bado yanaona. Nikamwambia naona mwanaume mwoga. Akacheka, mara ya kwanza tangu juzi. Mpaka jioni nilikuwa mzima, akaona bakuli bado lina kitu, akamalizia.

Wifi simu hapokei.

Ijumaa, 21 Machi

Nitaandika yote. Mkono unauma lakini nitaandika.

Niliamka mapema, mkaa ukashika vizuri, mvua haikuja. Mpaka saa nne mbalaga ziko tayari, zimeshikana na maharage, nyekundu nzuri. Bilinganya tayari. Majani tayari kwenye hotpoti. Uyoga niliuacha wa mwisho, uende mezani unalia.

Wageni wakaingia. Nikasikia salamu zao za Kihehe, kamwene, kamwene sebuleni. Sauti ya mzee nzito, ya upole. Mkeka upo, shangazi hayupo. Baba Atupele anazungukazunguka kwenye hali ya hewa na barabara na mahindi. Nilikuwa nimeshika mwiko na jasho linanitoka mgongoni. Nilimwomba Mungu. Nilimwambia kabisa, Wifi namchukia lakini mlete.

Akaja. Kavaa kitenge chake kizuri, kilemba mpaka juu. Na kabeba hotpoti yake mwenyewe. Akanipita jikoni bila salamu, akaenda kukaa mkekani.

Barua ikasomwa. Akamwita binti, akamuuliza, binti akajibu anawafahamu. Vigelegele. Mazungumzo ya wanaume, kushuka na kupanda, wakaelewana. Hayo nayajua kwa kusikia tu. Nilikuwa nakaanga.

Chakula kikaanza kupelekwa. Mama Neema, jirani, ndiye alikuwa ananipelekea. Kaingia na bakuli la kwanza, karudi macho yamemtoka. Wifi amefungua hotpoti yake. Kuku. Firigisi juu. Amemwekea mzee mbele yake kwa mikono miwili, kapiga goti.

Nikaacha kukoroga. Nikasikia mzee anasema taratibu: ahsante sana dada yangu, mniwie radhi, leo kwetu ni Ijumaa ya Kwaresima. Basi. Hakuongeza neno. Ni mtu mwenye adabu, laiti angefoka ingekuwa nafuu.

Mama Neema akasema Wifi anajikusanya, anataka kunyanyuka. Kilemba kimeshaanza kuinama.

Siyo kwa upendo. Naandika hapa ukweli. Akinyanyuka shangazi kutoka mkekani kwa hasira, yote yaliyosemwa yamemwagika. Nikachukua bakuli langu kubwa la uyoga, lile lenye moshi, nikampa Mama Neema. Nikamwambia peleka mkononi kwa Wifi, mwambie shangazi ndiye wa kuwawekea wageni uyoga, ndivyo ulivyopangwa. Uongo mtupu. Haukupangwa na mtu.

Wifi akaupokea. Nilichungulia kwenye upenyo wa pazia, Mungu anisamehe, hiyo heshima niliivunja kidogo. Akampakulia mzee. Akampakulia mama Festo. Akafunika hotpoti yake akaisukuma nyuma ya kochi kwa mguu.

Mzee akaonja. Akaacha kutafuna. Nikafa nikafufuka. Halafu akasema kwa Kihehe kitu kwa mkewe, mkewe akaonja, akacheka kicheko cha msichana. Akautaja kwa Kihehe ule mdogo wa rangi ya chungwa: wisogolo! Huu wisogolo nani kaupika bila kuuloweka maji?

Wakala. Sitaki kujisifu lakini nani mwingine anisifu. Majani ya maboga yalirudishiwa mara ya tatu. Bilinganya, yule mjomba wao mwenye ndevu aliinua bakuli akapangusa na kipande cha ndizi. Nilisikia vijiko vinagonga chini ya sahani, na hakuna mtu aliyetaja nyama.

Ndipo mama Festo akauliza tena. Nani kapika?

Wifi, bila kumeza mate: binti mwenyewe. Vyote. Huyu kwetu hatukumfundisha, kazaliwa nao.

Vigelegele mpaka bati likatetemeka. Mama Festo akasema basi wamepata mtu, na Pasaka binti aende Iringa kuwasalimia, awapikie uyoga huu huu ukoo mzima uje uone.

Mimi jikoni na mwiko wangu.

Jumamosi, 22 Machi

Nina hasira. Nimeamka nayo, nimekunywa nayo chai.

Najua ndivyo inavyosemwa. Siku ya namna ile kila chakula ni cha binti, hata mama yangu alisema hivyo siku yangu. Lakini mimi siku yangu nilikuwa nimepika kweli!

Wakwe wamepita asubuhi kuaga kabla ya safari. Jumamosi nyama wanakula, kwa hiyo mbuzi kamaliza kazi yake, supu na chapati, wakaondoka wameshiba. Mama Festo alikuja mpaka mlango wa jikoni, akanishika mkono, akasema umetulelea vizuri. Nikasema ndaga, ahsante ya kwetu. Nilitaka kusema na mengine.

Wifi kala jikoni kwangu. Alikuta uyoga umebaki chini ya sufuria, akachukua kijiko, akakaa kwenye stuli yangu, akakwangua. Hakusema samahani. Alisema, umeupika. Neno moja. Halafu akaosha sufuria mwenyewe, na Wifi Sekela hajawahi kuosha chombo kwenye nyumba hii.

Nilishinda. Watu wa Iringa, watu wa uyoga, wameshiba mezani kwangu siku isiyo na nyama wala samaki, na binti yangu anaingia kule kichwa juu. Najivunia. Najivunia mpaka kifua kinauma. Na hakuna anayejua ila sisi wa nyumbani, na Wifi, na Mama Neema, na mwiko.

Atupele amekaa uani na simu haiangalii. Nikamuuliza nini. Mama, Pasaka nitafanyaje?

Hilo sikuwa nimeliwaza. Hasira ikanitoka kama imechotwa.

Jumapili, 30 Machi

Atupele kaja kujifunza. Kaanza kwa kuandika kwenye simu: chumvi gramu ngapi. Nikamwambia weka hiyo simu mfukoni. Utasikia.

Hakusikia. Uyoga ulitoa maji, akaogopa unaungua, akaongeza maji. Supu ya kijivu. Karanga zikaganda mabonge. Baba yake alikula akasema siyo mbaya, na mwanaume huyu hajawahi kusema uongo vizuri.

Nilimkaripia. Nilimwambia hata mtoto wa darasa la tatu anajua moto. Akajibu: na huyo mtoto, mama yake alimruhusu kusogelea jiko? Ulikuwa unanitoa, kasome, kasome. Nimesoma.

Nikaenda kumwagilia figiri zilizomwagiliwa na mvua.

Jumamosi, 12 Aprili

Mara hii tulianza na rahisi. Nilimkalisha. Chainizi za kukaanga haraka, moto mkubwa, hesabu pumzi chache, toa, bado zinavunjika mdomoni. Alipata. Mnafu, alipata kwa kubahatisha. Bilinganya kaiunguza mpaka ndani, tukacheka, Mama Jyoti angelia.

Uyoga. Nilimfunga mikono, yaani nilimwambia weka mikono nyuma, usiguse, sikiliza tu. Maji yakatoka. Akanitazama. Subiri. Mama unaungua. Hauungui, subiri. Yakakauka. Ukalia chwii, na uso wake ukabadilika. Akasema, kumbe ndiyo hiyo sauti! Ndiyo hiyo.

Hapo hapo akataka kutia nazi. Kule Makongolosi kuna mama ntilie wa Kilwa anatia nazi kila kitu. Nikasema uyoga wa bara hautiwi nazi, unataka kuwalisha Wahehe chakula cha baharini? Tukabishana mpaka kitunguu kikaungua. Kichwa kigumu. Kautoa wapi ukaidi huo, sijui, labda kwa Wifi.

Nina wasiwasi na Iringa. Sitakuwepo. Hakutakuwa na pazia la kuchungulia. Ukoo mzima umealikwa kwa uongo wa mtu mmoja, na atakayesimama kwenye jiko la watu ni mtoto wangu peke yake.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kanisani nimeimba bila kusikia ninachoimba. Simu nimeiweka kwenye matiti, siyo kwenye mkoba. Imelia mara moja, ilikuwa kampuni ya simu inauza vifurushi.

Nimepika maharage. Yameungua. Baba Atupele kala hivyo hivyo.

Jumatatu, 21 Aprili

Atupele karudi mchana na basi. Nilitaka kuuliza mlangoni, nikajizuia mpaka avue viatu.

Amepika. Ameupika kwenye jiko la kuni uani, mama Festo na mawifi zake wamejipanga kama watazamaji wa mpira. Kwenye kupakua, shangazi yao mmoja akamuuliza kama kweli ndiye aliyepika na siku ile Mbeya. Atupele akasema hapana, siku ile alipika mama, mimi niliuloweka nikafukuzwa jikoni; wa leo ndio wangu. Kwa hiyo wamejua. Nikamuuliza walisemaje. Walicheka, Mama. Walicheka, wakala, mama Festo akasema afadhali msema kweli, na yule mjomba mwenye ndevu anakusalimia sana.

Nikamwambia arudie tangu mwanzo.

Wamempa wisogolo kwenye kikapu uje huku. Akabadilisha nguo akaingia jikoni, akanitoa. Mama, kaa nje. Nikakaa uani kwenye ndoo niliyoigeuza, sina cha kushika. Jioni nzuri, ubaridi umeanza kushuka kutoka mlimani. Nilisikia maji ya uyoga yakichemka, kisha kimya, kisha chwii. Hakuwahi nyanya. Halafu ikaja harufu ya nazi, na nikainuka nusu, nikakaa tena.

Tumekula watatu. Kaukaanga vizuri, katia nazi nzito kidogo tu na ndimu mwishoni. Baba Atupele aliongeza bila kuuliza. Na mimi niliongeza.

Ni mtamu kuliko wangu. Nimeandika hapa, na kwingine sitasema. Atupele anaosha vyombo, anaimba wimbo wa Kihehe ambao hajaujua vizuri. Kesho nitapita sokoni kabla ya kufungua duka, nazi zimekwisha.